Utani Ndani ya Mita Mia Nne

1

Mimi nilikuwepo. Naanza na hilo kwa sababu Kinolo imejaa watu wanaosimulia habari za Bi Leokadia kana kwamba zilidondoka kutoka mbinguni, na wengine wananionea huruma mbele yangu, eti maskini Bi Msajili, kazi yake ngumu. Huruma yao wakae nayo. Sikio lilifunuliwa kwa mkono huu, na ni mkono huu huu ulioshindwa kulifunika.

Ilikuwa arobaini ya mumewe, Mzee Fidelis. Turubai limefungwa uani, wanawake wanamenya ndizi, wanaume wamekaa kwenye viti vya plastiki wakisubiri kikao cha ukoo. Nyuma ya ukuta, hatua kama mia mbili hivi, Nyepesi ilikuwa inapita kila baada ya dakika sita. Ndivyo tunavyoiita reli nyepesi, ile treni ya mabehewa matatu isiyo na dereva, inayotoka Morogoro, inazunguka chini ya milima ya Uluguru na kuishia kwetu. Haina kelele. Ukishaizoea husikii kitu, ila vikombe vinagongana kidogo kabatini.

Sikio la nyumba ile lilikuwa ukutani sebuleni, kidude cheusi cha duara, ukubwa wa kisosi. Kwa siku arobaini lilikuwa limefunikwa kanga. Hiyo ni desturi tuliyojiwekea wenyewe tangu Masikio yaanze kufungwa majumbani: msiba ukiingia, kanga juu, mpaka siku ya kikao. Maana msibani wanakuja watani, na mtani ana ruhusa ya kusema lolote. Atamchumbia mjane jeneza likiwa mlangoni. Ataficha majembe ya kuchimbia na kugoma kuyatoa mpaka apewe kuku. Maneno ya namna hiyo huwezi kuyaacha yaingie kwenye rejista.

Saa nne asubuhi nikasimama, nikaivuta kanga, nikasema kama ninavyosema kila mahali: "Sikio linafunguliwa. Kitakachosemwa hapa ni neno."

Taa yake ndogo ikawaka kijani. Kikao kikaanza vizuri tu. Shamba la marehemu kule mlimani likarudi kwa ukoo wa mama yake, kama ilivyo kwetu Waluguru. Cherehani ikaenda kwa dada yake. Nyumba haikujadiliwa kabisa, kwa sababu haikuwa ya marehemu. Kiwanja kile Bi Leokadia alikipata kwa mama yake, mama yake kwa bibi yake, na bibi mwenyewe kazikwa pale pale nyuma ya jiko.

Ndipo Kapela akaingia.

Mzee Kapela ni Mnyamwezi, mtani wa nyumba ile, rafiki wa marehemu tangu wakiwa vijana wa kulaza mataruma ya reli. Siku ya mazishi alikuwa Tabora anamuuguza binti yake. Sasa ndiyo kashuka kwenye Nyepesi, begi bado begani, anasimama katikati ya uwanja kama mwenye mali.

"Nasikia mmemuua mtani wangu kwa ugali mbichi!"

Watu wakaanza kucheka hata kabla hajamaliza. Siku arobaini zilikuwa nzito, jamani.

"Leokadia! Nani kakuruhusu kukaa kwenye nyumba yangu?"

Bi Leokadia, ambaye tangu mumewe azikwe alikuwa anajibu kwa kutikisa kichwa tu, aliinua uso. "Yako tangu lini, we mbeba mizigo?"

"Tangu leo. Umenipa, hujanipa?"

"Nimekupa!"

"Sisikii, nina vumbi la Tabora masikioni."

"Nimekupa, chukua!"

"Na mjane je?"

"Mjane hakutaki, una meno mabovu! Nyumba nimekupa, chukua na kunguni wake, uniache na amani yangu!"

"Nimepokea!" Kapela akapiga goti, akabusu sakafu. "Mashahidi mpo?"

"Tupooo!" wakaitika uani kote.

Na Bi Leokadia akacheka. Alicheka mpaka akajishika mbavu, machozi yakamtoka, akawa anajifuta kwa upindo wa kanga huku anasema, huyu mshenzi, huyu mshenzi. Nami nilicheka. Nikageuka nikaiona ile taa ya kijani, mkono ukanyanyuka wenyewe kuelekea ukutani. Lakini Sikio likifungwa katikati ya kikao, yote yaliyosemwa yanafutika na kikao kinaanza upya siku nyingine, na wazee wale walishuka mlimani kwa miguu. Na yule mama alikuwa anacheka. Nikajisemea, bwana wee, kesho asubuhi nitalifuta ofisini, nina siku saba. Nikaushusha mkono.

2

Niseme kidogo habari za Sikio, kwa wasiolijua.

Mji ulipoanza kutukimbilia, miaka kumi na mbili iliyopita, watu wa Kinolo hawakuwa na hati. Walikuwa na bibi zao. Ukimuuliza mtu mpaka wa kiwanja anakuonyesha mgomba. Madalali wakaja na makaratasi, wazee wakawa wanawekeshwa dole gumba kwenye vitu wasivyovijua. Mimi nilikuwa kijana wa ofisi ya ardhi, nina hasira, nikasema kama karatasi ndiyo inayotuibia basi tuiache. Tufanye mtambo unaosikia. Nilizunguka na vinasa sauti kata nzima, miaka mitatu, nikaufundisha mtambo jinsi watu wetu wanavyopeana, wanavyokataa na wanavyokubali shingo upande.

Masharti niliyaandika mimi. Mtoaji awe na akili timamu. Asiwe na hofu, na hilo Sikio linalipima kwa mtetemo wa sauti na mapigo ya moyo yaliyomo ndani yake. Mtu aliyetishwa haliwezi kumkosa. Aseme mara tatu. Mpokeaji apokee kwa sauti. Mashahidi wasiopungua wawili, wasio wa ukoo wa mtoaji, wasikie na wasipinge. Yakitimia yote, ni neno, na neno la Kinolo mahakama zote zinaliheshimu. Wajane wangapi wamekaa kwenye nyumba zao kwa sababu ya Sikio! Nilikuwa natembea mjini kichwa juu.

Asubuhi iliyofuata ile arobaini nilifika ofisini saa mbili kasoro. Nikafungua rejista nilifute lile la Kapela.

Lilikuwa limekomaa. Neno la 4,113. Mtoaji hana hofu, moyo wake una furaha kuliko maneno yote ya mwaka ule. Mara tatu. Mpokeaji kapokea. Mashahidi sitini na mmoja, na wa kwanza kwenye orodha, kwa sauti ya kicheko, alikuwa Perpetua Lugome, Msajili.

Nikakaa chini. Zile siku saba zangu za kupitia neno hazifanyi kazi ndani ya mita mia nne kutoka kituo cha Nyepesi. Nilikuwa nalijua hilo kama ninavyolijua jina langu, na katika kicheko kile halikunijia. Watu wenyewe ndio waliotaka hivyo, kwa sababu madalali walikuwa wanawasumbua wiki nzima wabadilishe kauli. Ndani ya mita mia nne neno linakomaa papo hapo. Na kiwanja chochote humo kikibadilisha mkono, isipokuwa kwa urithi, kinakuwa mali ya Kitovu, na aliyekipokea anapewa makazi humo. Hilo nalo tulilipigia kura, tukanyoosha mikono wote, kila mmoja akijua kwamba yeye hatampa mtu kiwanja chake.

Kitovu mmekiona hata kwenye picha. Chini soko na zahanati, juu yake shule na ofisi, juu kabisa watu, majengo kumi na moja yameshikana na stesheni katikati. Sitaki kusema uongo, ni kitu kizuri. Mama mjamzito anashuka kwa lifti, anaingia behewani, dakika kumi na mbili yuko hospitali ya mkoa. Jengo la kumi na mbili lilikuwa limekwama miaka mitano kwa sababu ya kiwanja kimoja tu chenye nyumba ya bati na jiko la nje.

3

Nilimkuta Bi Leokadia anachoma mihogo kibarazani kama kawaida yake, na Kapela kakaa kwenye kigoda, simu mkononi, uso umemshuka.

"Bi Msajili," akaniambia, "hii simu inanipongeza. Inasema nimepata makazi ghorofa ya kumi na nne, vyumba viwili, dirisha linaangalia mlima. Nimewaomba nini mimi?"

"Kaa vizuri, Mzee Kapela."

"Nimekaa."

Nikawaeleza. Niliongea polepole kama mtu anayetangaza msiba, na nilipofika kwenye siku kumi na nne za kuhama, Bi Leokadia akageuza mhogo upande wa pili, akapulizia makaa.

"Pepe, mwanangu," akasema, "ule si ulikuwa utani?"

"Ulikuwa utani, mama."

"Na wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Basi si ukawaambie?"

Kapela akaruka. "Mimi namrudishia! Sasa hivi! Leokadia, nyumba yako nimekupa, nimekupa, nimekupa! Pokea!"

"Nimepokea," akasema mama wa watu, haraka, anaangalia ukuta wa sebule kupitia mlangoni.

Taa haikubadilika, Sikio halikuandika kitu. Kapela hakuwa na nyumba ya kumpa mtu. Kiwanja kilikuwa mali ya Kitovu tangu jana yake, saa tano na dakika nane, yeye bado kapiga goti. Nikawaambia nitakwenda Baraza la Neno, nitasema ukweli, na mambo yataisha. Niliwaambia kwa sauti ya kujiamini kabisa. Bi Leokadia akanifungia mihogo miwili kwenye gazeti, na pilipili yake pembeni, nikaila ndani ya Nyepesi nikirudi ofisini.

4

Wakili wa Kitovu anaitwa Semkiwa. Mtu mpole, hapandishi sauti, anakukaribisha chai na anakumiminia mwenyewe. Alinipokea siku mbili kabla ya Baraza. Nilikwenda nimejiandaa kugombana, nikakosa wa kugombana naye.

"Bi Perpetua, sisi hatuna ugomvi," akasema. "Simama kwenye Baraza, useme ulikuwa utani. Hatutapinga. Mama atarudishiwa nyumba yake siku hiyo hiyo."

"Mmekuwa malaika lini?"

Akatabasamu. "Tutaomba tu Baraza liandike sababu. Kwamba Sikio haliwezi kutofautisha utani na neno. Kwa ushahidi wa aliyelifundisha."

Akaniwashia ukuta wake, orodha ya maneno yote 4,112 yaliyotangulia ikashuka kama mvua.

"Mashahidi wasiwe wa ukoo wa mtoaji," akasema. "Sharti lako hilo, na ni sharti zuri. Sasa niambie, watu wa Kinolo, wakitaka shahidi asiye wa ukoo, asiyeogopa kusema ukweli mbele ya mtu yeyote, wanamwita nani?"

Nilijua jibu. Wanamwita mtani. Mluguru anamwita Mnyamwezi, Mzigua anamwita Mluguru, Mngoni anamwita Mpogoro. Hata mimi siku mama yangu alipotamka shamba lake tulimwita mtani.

"Maneno elfu tatu na mia saba yana mtani ndani yake," Semkiwa akasema. "Nimeyasikiliza mengi. Watu wanacheka, Bi Perpetua! Mtu anapewa nyumba, shahidi anamwambia ataiuza anywe pombe, na wote wanaangua kicheko. Ukisema lile la Leokadia halikuwa neno kwa sababu kulikuwa na mtani na kicheko, mimi nifanye nini na haya mengine? Wateja wangu watataka yapitiwe upya, moja moja. Wengi waliotamka wameshakufa. Hawataulizwa kama walikuwa wanatania."

"Hili ni tofauti. Kila mtu anaona ni tofauti."

"Mimi mwenyewe naona. Sikio halioni. Na ninyi wa Kinolo mlisema linachokiona Sikio ndicho sheria." Akanisogezea sukari. "Samahani, mama. Kweli nasema, nimekosa usingizi kwa jambo hili."

Na nilimwamini, hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nilitoka mle nikasimama kwenye veranda ya ghorofa ya tisa, chini watu wananunua nyanya, watoto wa shule wanapanda ngazi na viatu vyeupe, wengi wao wanakaa kwenye nyumba zenye hati ya neno tupu. Nilijaribu kutafuta njia. Usiku na mchana nilitafuta, kwenye vifungu vyote nilivyoviandika mwenyewe. Nilikuwa nimeviandika vizuri mno, hakuna pa kupenyea.

5

Sikutaka afike Barazani hajui. Nikamwendea asubuhi, nikamkuta anafagia kaburi la bibi yake nyuma ya jiko. Nikamweleza yote, hesabu ya Semkiwa, wajane, wazee waliokufa.

Alisikiliza akiwa kashika ufagio. Nilipomaliza akauliza, "Kwa hiyo ni mimi au wao?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe unataka niseme nini?"

Najua nilichokuwa nakitaka, na aibu yake ninayo mpaka leo. Nilitaka aseme, basi mwanangu, acha, mimi mzee, nimeishi vya kutosha. Nilitaka anipe ruhusa nirudi nyumbani nilale.

"Mimi si mtakatifu, Pepe," akasema. "Nataka nyumba yangu. Hao elfu nne siwajui. Wanaonunua mihogo kwangu hawafiki hata hamsini. Nyumba hii mama yangu kafia humu, nimezaa humu, nimemzika mtoto kutokea humu, na juzi nimemtoa mume wangu. Nilicheka mara moja tu. Mara moja! Siku arobaini sikucheka, nikacheka mara moja, na mtu anichukulie nyumba?"

"Mama..."

"Usiniite mama. Nenda ukaseme ukweli. Wewe ulikuwepo, ulisikia, unajua. Hicho tu ndicho ninachokuomba, ukaseme ulichokiona." Akainama, akaendelea kufagia. "Mambo ya mtambo wako ni yako wewe uliyeutengeneza. Mimi sikukutuma."

Nikasimama pale kama mwizi aliyeshikwa. Alifagia mpaka kwenye miguu yangu, nikasogea, akafagia nilipokuwa nimesimama.

6

Baraza lilikaa kwenye ukumbi wa Kitovu, ghorofa ya tatu, juu ya soko, harufu ya dagaa inapanda kwenye madirisha. Wajumbe watano. Nusu ya mji ilikuwa imekuja, wamebanana hadi kwenye ngazi. Hawakuja kwa ajili ya Bi Leokadia peke yake. Habari ya Semkiwa ilikuwa imeshavuja, na nilipokuwa napita katikati yao walinishika mkono mmoja mmoja. Bibi mmoja kipofu wa mtaa wa Mnadani alinishika kiganja akakibana, akaniachia. Nilimkumbuka. Neno lake lilikuwa la 212.

Kapela aliitwa kwanza. Mzee yule alisimama. Akasema ulikuwa utani, yeye ni mtani, Mnyamwezi na Mluguru wanataniana tangu misafara ya pembe, kila mtu anajua. Mwenyekiti, mama wa makamo mwenye miwani, akamuuliza kwa upole kama aliwahi kuwa shahidi kwenye neno la mtu mwingine. Kapela akasema ndiyo, mara nyingi, labda ishirini.

"Na huko ulitania?"

"Nilitania, ndiyo. Mtani si lazima atanie?"

Ukumbi ukanong'ona. Semkiwa aliandika kitu, hakuinua macho. Kapela akatazama huku na huku, akagundua amesema jambo baya bila kujua ni lipi, akakaa.

Bi Leokadia alikuwa mstari wa mbele, amevaa gauni la kanisani, mkoba mapajani. Alikuwa ananitazama usoni, bila hasira. Ananitazama kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kufunga mlango waondoke.

"Bi Msajili," Mwenyekiti akasema, "wewe ndiye uliyelifundisha Sikio. Ulikuwepo siku ile. Baraza litafuata utakachosema. Kilichotamkwa na Leokadia binti Anjelina, siku ile, kilikuwa utani au kilikuwa neno?"

Juu ya kichwa chake kulikuwa na Sikio kubwa la Baraza, taa ya kijani. Moyo wangu ulikuwa unagonga kiasi kwamba nilijua linausikia. Nikawaza, litaniumbua. Nilifundisha mtambo kumjua mtu mwenye hofu, basi na unijue mimi sasa hivi, useme huyu mama anadanganya, mumtoe nje, mnisaidie. Lakini masharti ya hofu ni kwa mtoaji. Kwa shahidi sikuyaweka.

"Lilikuwa neno," nikasema.

Watu nyuma walishusha pumzi kwa pamoja. Mtu mmoja akaanza kupiga makofi, akanyamazishwa. Kapela akasema kwa sauti, "Mungu wangu." Bi Leokadia alifungua mkoba wake, akaangalia ndani kama aliyesahau funguo, akaufunga. Kisha akanyanyuka na kupita katikati ya watu, nao wakampisha, wakiangalia chini. Mle ndani mlikuwa na mamia waliobakiwa na nyumba zao siku ile, na hakuna aliyethubutu kumwambia asante.

7

Wiki mbili zilizofuata Baraza nilikwenda kwake mara tatu. Mara zote alikuwepo, na mara zote hakufungua.

Kulikuwa na msiba mwingine Kinolo wakati huo, kwa akina Banzi. Nilikwenda kuzika. Watani walikuja, Wangoni watatu, wakakaa kwenye mkeka wakanywa chai kimya. Mmoja alimwangalia mjane, akafungua mdomo, akaufunga. Kanga ilikuwepo juu ya Sikio, imekunjwa mara mbili na kubanwa kwa misumari. Haikusaidia kitu. Marehemu tulimzika kama tunamficha.

Siku ya kumi na nne Bi Leokadia alihama. Mpwa wake wa Morogoro alikuwa amempa chumba. Mifupa ya bibi yake ilikuwa imeshafukuliwa na watu wa Kitovu, kwa heshima, na padri alikuwepo, ikapelekwa makaburi ya mjini. Kapela ndiye aliyembebea mizigo mpaka stesheni: godoro, masufuria mawili, jiko la mkaa. Nami nikawafuata kwa nyuma, mbali kidogo. Mzee wa watu alikuwa amekonda. Kwenye ile nyumba ya ghorofa ya kumi na nne hajawahi kulala hata siku moja.

Jukwaani walisimama wakisubiri. Kila nguzo ya stesheni ina Sikio lake, ni mali ya Kitovu, na hayo hayafunikwi. Saa ya ukutani ilionyesha zimebaki dakika nne. Bi Leokadia akajitengeneza kilemba, akamtazama Kapela juu mpaka chini, na kwa mara ya kwanza tangu Barazani nikamsikia anaongea kwa sauti yake ile ya zamani.

"We Mnyamwezi, mbona umebeba godoro langu kama umebeba mke? Huoni haya?"

Kapela akashusha godoro chini taratibu.

"Naongea na wewe! Au umemeza ulimi? Ghorofani huko mnakula nini?"

Kapela akatabasamu kidogo sana, akaangalia nguzo. Watu waliokuwa karibu walisogea pembeni, mmoja baada ya mwingine, mpaka wakabaki wawili na mizigo yao.

"Haya, sikiliza basi," akasema mama, na sauti sasa ilikuwa imeshuka. "Siku yangu mimi, uje. Kwa mpwa wangu kule watu ni wa mjini, hawajui mambo haya, watakaa na simu zao wananililia tu. Uje uwasumbue. Uwadai. Useme nilikuwa na mdomo, useme niliunguza mihogo. Utakuja, hutakuja?"

Kapela alifungua mdomo. Macho yake yalikwenda kwenye ile taa ya kijani, yakarudi kwake, yakaenda tena kwenye taa.

"Nijibu, mtani."

Nyepesi ikaingia, milango ikafunguka. Nilishindwa kuvumilia, nikawasogelea, nikamwambia, "Mjibu, Mzee Kapela. Mjibu tu."

Akanigeukia. "Nimjibu nini, Bi Msajili?" akaninong'oneza, midomo haimchezi. "Nikisema nitakuja kumdai, wakaandika je? Atakuwa amebakiwa na nini cha kuchukuliwa?"

Akabeba godoro, akaliingiza behewani, akaingiza na masufuria na jiko, akarudi jukwaani. Bi Leokadia aliingia wa mwisho. Alikaa dirishani, akageuka kutuangalia. Mimi hakuniona kabisa. Alikuwa anamtazama yeye, kainua nyusi kidogo, kama mtu aliyeuliza kitu na bado anangoja jibu. Milango ikafungwa, treni ikaondoka.